Kisu cha kukunja: tazama bawaba kwanza

Mnunuzi wa kisu cha kukunja kwa kawaida hutazama makali. Hukifungua, hukijaribu kwenye karatasi, akaridhika, akalipa. Wakati makali ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kurekebisha. Kinoo na subira kidogo vinatosha. Bawaba ikilegea, gharama ya fundi inaweza kuzidi bei ya kisu chenyewe.

Kwa hiyo dukani kifungue, ushike mpini, kisha ujaribu kulitikisa bapa kushoto na kulia. Likicheza, kirudishe. Kifunge na ukitazame kwa juu: bapa likae katikati ya mpini, lisiegemee upande wowote. Kama kina loki, kifungue tena na uegemeze mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza, ukandamize polepole, vidole vikiwa nje ya njia ya makali. Loki ikiachia hapo, siku moja itaachia juu ya vidole vyako.

Loki zenyewe ziko za namna nyingi. Visu vidogo vya Victorinox vya Uswisi, ambavyo asili yake ni kisu cha maofisa cha mwaka 1897, havina loki kabisa: springi ya mgongoni ndiyo inayolishikilia bapa. Vinafaa kwa kamba, bahasha na matunda, ila usivitumie kutoboa, maana ukisukuma kwa ncha bapa hukunjika kuelekea mkononi. Opinel ya Ufaransa ina pete ya chuma shingoni, iliyobuniwa mwaka 1955. Unaizungusha, bapa halirudi. Ni loki nyepesi na ya kuaminika sana. Kasoro yake ni mpini wa mbao: ukilowa huvimba na kulibana bapa ndani. Hapo kigonge kitako cha mpini mezani, ncha itachomoza kidogo upate pa kushika. Okapi, kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa soko la Afrika na sasa kinatengenezwa Afrika Kusini, hulia ka-ka-ka kikifunguliwa kwa sababu ya meno ya loki yake, na hufungwa kwa kuvuta pete ya mgongoni. Ni kisu cha kazi, hakina madaha.

Likija suala la chuma, wauzaji husifu ugumu. Mimi sivutiwi sana. Chuma kigumu hukaa na makali muda mrefu, lakini kikishakuwa butu kinoo cha kawaida hukihangaikia sana. Victorinox wameridhika na ugumu wa takriban 56 kwa kipimo cha Rockwell. Visu vyao huwahi kuwa butu, ila hata kitako cha kikombe cha kauri, ile duara isiyopakwa rangi, kitavirudishia makali ya kumenyea chungwa. Chuma cha kaboni nacho hunoleka vizuri mno, lakini kata ndimu ukisahau kukifuta na kesho utakuta madoa meusi. Kwa mkazi wa Tanga au Lamu, ambako hewa yenyewe ina chumvi, ni afadhali kisichoshika kutu. Opinel huuza aina zote mbili, basi soma maandishi kwenye bapa kabla ya kulipa.

Bapa la sentimita 7 hadi 8 na nusu linatosha kazi zote za siku. Vile vyenye msumeno, mkasi, koleo na lukuki ya vingine, hesabu utakavyotumia kweli. Vilivyobaki ni uzito tu mfukoni.

Kama unasafiri, jua kwamba kwenye ndege kisu huingia katika mzigo unaokabidhiwa, si mkobani. Uingereza, kisu cha kukunja kisicho na loki na chenye makali yasiyozidi inchi 3 ndicho pekee kinachoruhusiwa kubebwa hadharani bila sababu. Chenye loki, hata kiwe kifupi vipi, kinakutaka uwe na sababu ya msingi.

Ukishakinunua, kioshe kikiwa wazi, kikaushe, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba. Mafuta ya kupikia usitumie: hugeuka ulimbo, yakashika vumbi, na kisu kikaanza kugoma kufunguka.