Magonjwa ya Viwavi wa Hariri na Urithi wa Kinga

Hariri twaijua sana kwa nguo zake, na jina lake tumelipokea kutoka Kiarabu, lakini mfanyaji wake hatumjui ila kidogo. Ni kiwavi wa nondo mweupe, Bombyx mori kwa jina la kitaalamu, aliyefugwa China kwa muda upatao miaka 5,000, hata leo nondo wake hawezi kuruka. Kiwavi huyu hula majani ya mforsadi kwa karibu wiki nne, hujivua ngozi mara nne, kisha hujisokotea kifuko kwa uzi mmoja ambao huweza kufika mita 1,000. Kwa kuwa hulishwa maelfu kwa maelfu katika nyungo zilizopangwa karibu karibu, ugonjwa ukiingia humo huweza kumaliza kazi ya msimu mzima kwa siku chache.

Ufaransa iliyaona maafa hayo katika karne ya kumi na tisa. Mwaka 1853 wafugaji wa huko walivuna kiasi cha tani 26,000 za vifuko. Mwaka 1865 walipata kiasi cha tani 4,000 tu. Watu wa kusini waliuita ugonjwa huo pébrine, kwani madoa meusi mwilini mwa kiwavi yalifanana na pilipili manga iliyosagwa. Louis Pasteur, aliyetumwa Alès mwaka 1865, alikuwa mtaalamu wa kemia, si wa wadudu. Njia aliyoipata haikuwa dawa ya kunywesha wala ya kupaka. Kila nondo jike alitengwa akatage peke yake juu ya kipande cha kitambaa, kisha akapondwa, na maji yake yakatazamwa kwa hadubini. Vimelea vya pébrine vikionekana, mayai yake huteketezwa, visipoonekana, huwekwa. Ugonjwa huu hupita katika mayai kutoka kwa mama hata kwa watoto, basi kuyachagua mayai ni kukata mzizi wa fitina.

Hata hivyo kiwavi mwenyewe hakubadilika. Aliye mzima leo, akikutana na vimelea kesho, huugua vile vile. Kwa hiyo wataalamu wakafikiri pia juu ya viwavi ambao kwa asili yao ugonjwa hauwawezi. Huko Japani, Toyama Kametaro alionyesha mwaka 1906 kwamba viwavi hurithi sifa zao kwa kanuni zile zile alizozigundua Mendel katika njegere, na kuanzia 1914 serikali ikaanza kueneza mayai ya machotara, yaani watoto wa koo mbili tofauti, kwa kuwa wana nguvu na vifuko vyao ni vizito.

Mfano ulio wazi wa kinga ya urithi wahusu virusi viitwavyo densovirusi. Virusi hivi hushambulia seli za utumbo. Kiwavi huacha kula, hulegea, akafa. Lakini ziko koo ambazo haziugui kabisa, hata zikilishwa virusi vingi namna gani. Mwaka 2008 wataalamu wa Japani walieleza sababu yake katika jeni iitwayo nsd-2. Kwa viwavi wanaougua jeni hiyo ni kamili, nayo hutengeneza protini inayokaa katika utando wa seli za utumbo, ya jamii ya zile zipitishazo asidi amino. Kwa wasiougua, sehemu kubwa ya jeni, kiasi cha herufi 6,000 za DNA, imekatika. Jeni kamili iliporudishwa katika ukoo wenye kinga, viwavi wakaanza kuugua. Hapa msomaji aangalie vizuri: kinga hii ni upungufu. Yaonekana virusi hukosa mlango wa kuingilia kwa kuwa mlango haukujengwa.

Na upungufu huo haumfai kiwavi ila aurithi kwa baba na kwa mama pia, kwani jeni kamili moja yatosha kuujenga mlango. Basi mzalishaji akimpandisha jike wa ukoo wenye kinga kwa dume wa ukoo usio nayo, machotara wote wataweza kuugua. Na machotara ndio wanaopelekwa kwa mfugaji. Hana budi autie upungufu huo katika koo zote mbili za wazazi, akizalisha kizazi baada ya kizazi, huku akichunga uzito wa kifuko na urefu wa uzi visipotee. Zamani ilibidi awalishe viwavi virusi ili ajue nani ana kinga. Siku hizi huweza kupima DNA yao, kazi iliyorahisishwa na ramani ya urithi wa kiwavi, wenye kromosomu jozi 28, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na Wajapani na Wachina, kila upande kwa kazi yake.

Ugonjwa wa grasserie, ambao humvimbisha kiwavi na kumtoa maji meupe kama maziwa, si mwepesi hivyo. Huletwa na virusi vya namna nyingine, na kinga yake huelekea kutegemea jeni kadhaa kwa pamoja. Wataalamu wa India, China na Japani wamejaribu kutia katika urithi wa kiwavi vipande vya DNA vya kuzinyamazisha jeni za virusi hivyo, na katika maabara viwavi hao wamepona kwa wingi kuliko wenzao. Katika nyumba ya mfugaji, ulinzi ungali ni ule wa kuosha nyungo na kuta kwa dawa kabla ya mayai kuanguliwa.