Tabia Iliyobadilika Baada ya Degedege: Tusitangulize Fimbo

Madrasa zetu zinamjua mtoto huyu. Alikuwa mpole, mwepesi wa kuhifadhi. Akaugua malaria kali, degedege likamshika kwa muda mrefu. Alhamdulillahi, alipona. Lakini aliporudi hakutulia tena: ana hasira, anapiga wenzake, na sura aliyoihifadhi jana leo haikumbuki. Nasi tukahukumu upesi kuwa amekuwa mkaidi, au ameingiwa na jini. Kisha fimbo ikafuata.

Tutazame kwanza yanayotokea ubongoni. Seli za ubongo hupelekeana habari kwa kemikali, na kila seli ina vipokezi, yaani milango ya kuzipokea kemikali hizo. Glutamati huiamsha seli, gaba huituliza. Degedege likirefuka, vipokezi vya gaba huzama ndani ya seli, na baadhi ya vile vya glutamati huongezeka juu yake. Kitulizo hupungua wakati kichocheo kinazidi. Ndiyo sababu diazepamu, dawa inayofanya kazi kupitia vipokezi vya gaba, hupungua nguvu kadiri dakika zinavyopita.

Seli nyingine huweza kufa, hasa katika sehemu zinazohusika na kumbukumbu na hisia. Katika majaribio ya wanyama, mabadiliko ya vipokezi yameonekana kubaki hata baada ya degedege kukoma. Na huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wamekuta matatizo ya tabia ni mengi zaidi kwa watoto waliopatwa na degedege au kifafa kuliko kwa wenzao.

Basi wazazi, degedege likianza, mlazeni mtoto ubavu, msimtie kitu mdomoni, na mtazame saa. Likifika dakika 5 bila kukoma, hiyo ni dharura: hospitali mara moja. Dua isomwe njiani. Isiwe sababu ya kuchelewa. Na tabia ikibadilika baadaye, daktari aelezwe, na ustadhi pia aambiwe, ili ampe mtoto somo fupi, alirudie mara nyingi, na amvumilie.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe. Ikiwa Mola wake hamwandikii dhambi, sisi tunapata wapi haki ya kumwadhibu kwa athari ya maradhi?