Nati ya Juu na Nati za Juu: Utengenezaji wa Springi za Mbele za Gari Nyumbani na Lugha ya Kuufundisha

1. Utangulizi

Mji wa Fungurume, katika jimbo la Lualaba, umo kando ya barabara itokayo Lubumbashi kupitia Likasi hadi Kolwezi. Malori yachukuayo shaba na kobalti yamezidi kuilemea barabara hiyo tangu mgodi wa Tenke Fungurume uanze uzalishaji mwaka 2009. Magari madogo ya wakazi hupita humo humo, kisha huingia njia za udongo za mitaani ambazo mvua huzichimba kila mwaka. Miongoni mwa sehemu za gari zinazochakaa mapema katika hali hiyo ni zile zinazounganisha magurudumu ya mbele na mwili wa gari. Wako wenye magari ambao, kwa kukosa fedha za garaji, huifanya kazi hiyo wenyewe uani kwao.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, na kuonyesha kwamba hatari yake kubwa kuliko zote inahusiana na upatanisho wa kisarufi wa neno moja dogo.

2. Vifaa na majina yake

Mfumo unaozungumziwa hapa ni ule unaoitwa MacPherson, kwa jina la Earle MacPherson, mhandisi wa Kimarekani. Gari la Ford Consul, lililoonyeshwa London mwaka 1950, lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuutumia. Siku hizi unapatikana katika magari mengi madogo, kama vile Toyota Corolla na Toyota RAV4. Haumo katika kila gari: Toyota Land Cruiser za aina ya 70 zina ekseli nzima mbele, na hadi mwaka 1999 ekseli hiyo ilibebwa na springi za vyuma bapa vilivyopangwa kwa tabaka. Maelezo yafuatayo hayahusu magari ya namna hiyo.

Katika mfumo wa MacPherson, springi ya duara huizunguka shokapu, na viwili hivyo hufungwa pamoja kuwa mguu mmoja. Springi hubeba uzito wa gari. Shokapu huzuia springi isiendelee kurukaruka baada ya kupita shimo. Dar es Salaam husemwa springi, shokapu, jeki na nati, maneno yaliyotokana na Kiingereza. Katanga husikika resori, amortisere, kriki na ekru, yaliyotokana na Kifaransa. Tofauti hiyo haimsumbui sana fundi, maana kila upande una jina kamili. Utata huanza pale mwenye gari asemapo amortisere akimaanisha mguu mzima pamoja na springi yake, ilhali muuza vipuri aelewa shokapu peke yake.

3. Kutambua ubovu

Dalili za shokapu mbovu ni mafuta yanayovuja mwilini mwake, tairi kulika kwa mabaka, na gari kuinamisha pua mno linapofungwa breki. Kona ya mbele ya gari ikikandamizwa kwa mikono kisha ikaachwa, yapasa ipande na kutulia; ikiendelea kuyumba, shokapu imechoka. Mlio wa kugonga huweza kutoka mahali pengine. Gurudumu likiwa limeinuliwa, hushikwa juu na chini na kutikiswa: likicheza, huchunguzwa rotile ya chini, ambayo Tanzania huitwa boli joiti, pamoja na beringi. Likicheza linaposhikwa kushoto na kulia, huchunguzwa viungo vya usukani. Uchunguzi huo humwepusha mtu na gharama ya kununua kifaa kisichohitajika.

4. Hatua za kazi

Gari huegeshwa mahali tambarare, breki ya mkono huvutwa, na magurudumu ya nyuma huwekewa magogo. Nati za gurudumu hulegezwa kabla gari halijainuliwa. Ardhi ya udongo haifai kubeba jeki peke yake. Ubao mpana na mnene huwekwa chini yake ili isididimie. Gari likishainuliwa hukalishwa juu ya stendi za chuma. Kamwe mtu asiingie chini ya gari lililobebwa na jeki tu, wala lililobebwa na matofali, kwa kuwa tofali huweza kupasuka ghafla.

Gurudumu likiisha kutolewa, mpira wa breki na waya vilivyoshikizwa kwenye shokapu hufunguliwa ili visikatike. Bolti mbili zinazofunga mguu huo kwenye chuma kinachobeba gurudumu hutiwa alama mahali zilipokaa, kisha hutolewa; chuma hicho hufungwa kwa waya ili kisining'inie kwenye mpira wa breki. Mwisho hufunguliwa nati za juu, ndani ya boneti, huku mtu wa pili akiushika mguu usianguke.

Mguu ukiwa chini, springi hubanwa kwa vibanio viwili maalumu vinavyowekwa pande mbili zinazokabiliana. Kila kibanio hukazwa kidogo kidogo kwa zamu, hadi springi iwe huru katika vikalio vyake. Kamba na waya havifai kabisa kwa kazi hiyo. Hapo ndipo shokapu hubadilishwa, ncha ya springi ikikalishwa barabara katika kikalio chake. Shokapu hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia. Asiye na vibanio hununua mguu uliokwisha kuunganishwa, au huupeleka ule wa zamani garajini ukafunguliwe huko. Kazi ikiisha, pembe za magurudumu hupimwa, la sivyo tairi mpya zitalika upesi.

5. Nati moja na nati tatu

Juu ya mguu huo kuna nati za namna mbili. Zipo ndogo, kwa kawaida tatu, zinazouzunguka na kuufunga kwenye mwili wa gari. Katikati yake ipo moja, inayoshika fimbo ya shokapu na kwa hiyo kuizuia springi iliyosongwa. Nati hiyo ya kati ikifunguliwa kabla springi haijabanwa, springi hufyatuka kwa nguvu iwezayo kuvunja taya au kuua.

Katika Kiswahili Sanifu, nati ni jina la ngeli ya N-, lisilobadilika katika wingi. Agizo "fungua nati za juu" ni salama. Agizo "fungua nati ya juu" huupeleka mkono kwenye nati ya kati. Kinachotenganisha maagizo hayo mawili ni konsonanti moja ya -a unganifu. Katika Kiswahili cha Katanga, "ya" hutumika mara nyingi kwa umoja na kwa wingi pia, na wingi huonyeshwa kwa kiambishi ma-: "ekru ya juu", "maekru ya juu". Msomaji aliyelelewa katika lahaja hiyo hakuzoea kuitafuta idadi katika "za". Kitabu cha mafunzo kilichoandikwa kwa Sanifu humpa basi onyo mahali asipolitazamia.

Tiba yake si kumlaumu msomaji. Vifaa hivyo viitwe kwa idadi na kwa kazi: "nati tatu za pembeni" na "nati ya kati", au "maekru tatu ya pembeni" na "ekru ya katikati". Onyo nalo litangulie agizo: nati ya kati isiguswe kabla springi haijabanwa.

6. Hitimisho

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa Tanzania mwaka 1967, limesanifu istilahi za fani nyingi. Mfano huu waonyesha kwamba kuwa na istilahi hakutoshi: neno nati ni sahihi, na sentensi iliyomo ni sahihi, lakini agizo laweza kumdhuru msomaji. Wanaotayarisha maandishi ya ufundi kwa wasomaji wa Lualaba wangefanya vema kuyasoma kwanza mbele ya mafundi wa huko, na kuwauliza jambo moja tu: kwa maneno haya, ungeshika nati ipi?