Mandhari, Mwanga na Nafasi ya Mchezaji katika Skyrim

Makala haya yanafafanua jinsi wachezaji wanavyoboresha hali ya anga na mwanga katika mchezo wa kompyuta wa kifantasia, The Elder Scrolls V: Skyrim, uliotengenezwa na Bethesda Game Studios ya Marekani na kutolewa mnamo 2011. Kama ilivyo katika fasihi, mchezo huu una wahusika, ploti na mandhari. Mwaka wa 2012 kampuni hiyo ilitoa Creation Kit, programu inayomwezesha mchezaji kuunda modi, yaani nyongeza zinazoubadilisha mchezo.

Modi hizi hutofautiana kimajukumu. Climates of Tamriel huongeza aina za mawingu, mvua na ukungu, na huweza kuutia usiku giza zaidi. Enhanced Lights and FX hushughulikia majumba na mapango: mwanga usio na chanzo hupunguzwa, na badala yake mishumaa, mienge na meko ndiyo huangaza. Athari yake si urembo tu. Pangoni, adui aliyeonekana tangu mlangoni sasa hujificha kizani. Taharuki huongezeka bila neno lolote la hadithi kubadilishwa.

Hata hivyo, modi mbili zikirekebisha kipengele kimoja, ile inayopakiwa mwisho ndiyo hutawala. Hivyo basi, mpangilio wenyewe ni sehemu ya utunzi.

Nadharia ya upokezi hushikilia kwamba msomaji hushiriki katika kuunda maana. Hapa mchezaji huunda hata mandhari. Kwa hiyo, mhakiki wa mchezo huu hana budi kutaja kwanza modi alizotumia, kwani matini aliyoisoma yeye huenda mwenzake hajaiona.