Yanagawa: Mji uliokataa kufukia mifereji yake

MSAFIRI anayepanda treni ya umeme asubuhi katika kituo cha Tenjin, katikati ya jiji la Fukuoka kusini mwa Japani, huhitaji dakika 50 hivi tu kabla ya kushuka katika mji usiofanana kamwe na jiji aliloliacha. Njiani, majengo marefu hutoweka polepole dirishani na mahali pake huchukuliwa na mashamba ya mpunga yaliyotandazika hadi upeo wa macho. Kisha hutangazwa kituo cha Yanagawa.

Jina hilo lina maana ya mto wa mierebi, na miti hiyo yenye matawi yanayoning'inia ingali imepandwa kandokando ya maji. Hata hivyo, sifa kubwa ya mji huu wenye wakazi wapatao 60,000 ni mifereji yake. Ikijumlishwa yote, mikubwa kwa midogo, urefu wake hukadiriwa kuwa kilomita 930. Katika sehemu ya kale iliyozunguka ngome pekee, eneo la kilomita mbili kwa mbili hivi, kuna mifereji ya kilomita 60.

Kutoka kituoni, wageni hutembea kwa dakika chache hadi gatini, ambako huvua viatu na kuketi sakafuni mwa mashua bapa isiyo na injini. Nahodha husimama nyuma na kuisukuma kwa pondo refu la mwanzi. Safari huchukua saa moja au zaidi kidogo, na wakati wote huo hakuna kelele ila maji yanayopiga ubavu wa mashua na sauti ya nahodha, ambaye mara husimulia historia, mara huimba.

Mashua hupita nyuma ya nyumba za watu, penye bustani, nguo zilizoanikwa na ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini. Madaraja mengine ni ya chini mno hivi kwamba abiria hulazimika kuinama. Wakati wa baridi kali, mashua huwekewa meza zenye moto chini yake na kufunikwa kwa mablanketi, ili wageni wapate joto miguuni.

Mgeni wa siku moja aghalabu hudhani mandhari hayo ni urithi uliojihifadhi wenyewe. La hasha. Mifereji ya Yanagawa ilichimbwa kwa dhiki, na miaka ya 1970 nusura ifukiwe.

Chimbuko lake ni tope. Yanagawa imejengwa kwenye nchi tambarare iliyo karibu na Bahari ya Ariake, ambako tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia takriban mita 6, kubwa kuliko kwingineko kote nchini Japani. Wakulima wa kale walichimba mitaro katika tope hilo na kurundika udongo kando ili wapate ardhi ya juu ya kulima na kujenga. Mitaro ile ile iliondoa maji ya ziada wakati wa mvua na kuyaweka akiba ya kiangazi.

Baada ya vita vya Sekigahara vya mwaka 1600, eneo hilo lilikabidhiwa mtawala Tanaka Yoshimasa, ambaye alipanua ngome pamoja na mtandao wa mifereji. Ukoo wake ulipokosa mrithi, Yanagawa ilirejeshwa mwaka 1620 kwa Tachibana Muneshige, na ukoo wake ukatawala hadi himaya za aina hiyo zilipovunjwa mwaka 1871. Mnara wa ngome uliteketea kwa moto mwaka 1872, lakini maji yaliyoizunguka yalibaki.

Abiria wa mashua hupita kwenye lango jembamba la mawe ambalo zamani lilikuwa mlango wa maji yote yaliyoingia ngomeni. Yasemekana kwamba adui angekaribia, lango hilo lingefungwa na kingo za mto kubomolewa, nchi yote ya kandokando igeuke ziwa na ngome ibaki kisiwa.

Kwa wananchi wa kawaida, mifereji ilikuwa kisima. Waliteka maji ya kunywa alfajiri, kabla hayajatibuliwa, kwenye zile ngazi za mawe ambazo mtalii huziona leo. Kwa kuwa kila mtu alikunywa maji yaliyopita kwa jirani yake, hakuna aliyethubutu kutupa uchafu ovyo. Utunzaji ulikuwa wajibu wa wote.

Maji ya bomba yalipofika katika karne ya 20, uhusiano huo ulikatika. Familia zilipoacha kunywa maji ya mfereji, ziliacha pia kuyachunga. Sabuni za viwandani, mabaki ya jikoni na plastiki vilimiminwa humo. Tope lilijaa, magugu yakaziba njia, uvundo ukatanda, na mbu wakazaana. Wakazi wenyewe walianza kulalamika na kutaka mifereji hiyo iondolewe.

Mwaka 1977, utawala wa mji ulikuwa na mpango tayari. Mifereji michache mikubwa ingebakizwa, na mingi ya iliyosalia ingefukiwa au kugeuzwa mitaro ya saruji ya majitaka. Kazi ya kusimamia utekelezaji alipewa afisa wa mji aliyeitwa Tsutae Hiromatsu.

Badala ya kutekeleza, Hiromatsu alianza kuchunguza. Alisoma kumbukumbu za zamani, akapima njia za maji na kutambua kuwa kila sehemu ya mtandao ule ilikuwa na kazi yake. Sehemu zilizobanwa makusudi chini ya madaraja zilipunguza kasi ya maji na kuyafanya yajae mifereji ya juu kwanza, hivyo mvua kubwa haikufurisha mji kwa ghafla. Maji yaliyonywea ardhini nayo yaliishikilia. Kufukia mifereji, alionya, kungeleta mafuriko na kuifanya ardhi hiyo laini ididimie.

Alikwenda moja kwa moja kwa meya na kumsihi asitishe mpango ambao ulikuwa umeidhinishwa. Meya alikubali kumpa muda, na hatimaye mpango wa saruji ukatupiliwa mbali, nafasi yake ikachukuliwa na mpango wa kusafisha.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kuwashawishi wananchi. Hiromatsu na wenzake walizunguka mitaani wakifanya mkutano mmoja baada ya mwingine, wakiwaeleza watu waziwazi kuwa serikali pekee haingeweza kuitunza mifereji yote. Kisha maafisa na wakazi wakaingia topeni pamoja, wakayang'oa magugu na kuzoa takataka kwa mikono yao. Maji yakaanza kutiririka tena.

Habari hizo zilimvutia Isao Takahata, mwelekezi mashuhuri wa filamu za katuni. Alikuwa amekusudia kutengeneza filamu ya katuni kuhusu Yanagawa, lakini alipoyaona yaliyotendeka akaamua kupiga picha za watu halisi. Filamu yake, ambayo ni ndefu kuliko saa mbili na nusu, ilitolewa mwaka 1987 huku mwenzake, Hayao Miyazaki, akiwa mtayarishaji.

Mwisho wa safari ya mashua ni mtaa wa Okinohata. Hapo karibu pana jumba la kale la ukoo wa Tachibana, lenye bustani ya misonobari ipatayo 280 iliyozunguka kidimbwi. Pia pana nyumba alikolelewa mshairi Hakushu Kitahara, aliyezaliwa mwaka 1885. Alifariki Novemba 2, 1942, na kila mwaka karibu na tarehe hiyo wenyeji humkumbuka kwa msafara wa mashua usiku.

Chakula cha mchana ni samaki aitwaye mkunga, mwenye umbo refu kama la nyoka. Huchomwa, akawekwa juu ya wali uliokolezwa mchuzi, kisha vyote vikapikwa tena kwa mvuke ndani ya kisanduku na kupambwa kwa vipande vyembamba vya yai. Samaki huyo naye anakumbusha kuwa maji yanahitaji ulinzi, kwani mwaka 2014 mkunga wa Japani aliorodheshwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kuangamia.

Jioni treni humrejesha mgeni Fukuoka akiwa na picha za mierebi na maji matulivu. Lakini anayetaka kujua siri ya mji huo afadhali aende Februari. Kila mwaka katika mwezi huo, malango hufungwa na mifereji ya eneo la ngome hukaushwa kwa siku kadhaa. Mashua hubadilishiwa njia, na penye maji hubaki tope tupu, machupa na matairi ya baiskeli.

Baadhi ya watalii huondoka wakinung'unika kwamba wamefika siku mbaya. Kumbe wamefika siku ambayo wenyeji hushuka wakiwa na mabuti na makoleo kuzoa walichokitupa wenyewe, ili maji yakifunguliwa tena yapate njia ya kupita.