Kazi ya kurudia-rudia, tuiachie mashine

Mara hii hatuzungumzii mbegu wala mbolea. Tunazungumzia leta za imeili, listi na fishi, kwa sababu mavuno yanaweza kupotea hata pale.

Tulipita mu biro moja ndogo hapa Mabanga, biro ya kooperativi ambayo mashamba yake yako Masisi. Ilikuwa saa nane ya mchana. Sekretere alikuwa bado mbele ya ordinatere.

— Mama, ulikula tayari?

— Bado. Niko natafuta leta ya yule mununuzi wa maharagi. Aliomba bei, iko siku ine sasa.

Leta ilipatikana, chini ya matangazo mengi. Lakini mnunuzi alikuwa amekwisha kununua kwingine, na maharagi ya wanachama yakabaki mu depo. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyelala. Ni kazi ndogo-ndogo za kila siku ndizo zilimeza muda.

Kanuni ni moja: kazi unayoifanya namna ileile kila siku, mpe mashine aifanye. Kazi yenye kuomba akili, kama kuamua bei ao kusikiliza malalamiko ya mwanachama, ibaki mikononi mwako. Hauhitaji kununua kitu. LibreOffice na Thunderbird ni programu za bure, na Gmail wengi wenu muko nayo tayari mu simu.

1. Leta: usiandike mara mbili

Angalia leta ulizotuma mwezi uliopita. Utaona kama nyingi zinafanana: kujibu bei, kuita mkutano, kushukuru, kutuma rapoti. Andika kila moja vizuri mara moja tu, na uache nafasi wazi kwa jina, tarehe, kilo na bei. Mu Gmail, fungua «Paramètres» kwenye ordinatere na uwashe «Modèles». Thunderbird pia iko na modeli. Kesho mnunuzi akiomba bei, unachagua modeli, unajaza nafasi, unasoma tena, unatuma. Kusoma tena ni lazima: bei ya zamani ikibaki ndani ya modeli, kooperativi ndiyo italipa.

Kisha panga leta zenye kuingia. Mu Gmail unaweza kutengeneza filtre: kila leta ya mnunuzi fulani ipewe alama «Wanunuzi», kila leta ya mshirika wa projeti ipewe alama «Projeti», na matangazo yaende pembeni. Filtre inatengenezwa kwenye ordinatere, lakini alama utaziona hata mu simu. Asubuhi unafungua «Wanunuzi» kwanza. Kama yule mama angekuwa na alama hiyo, angeiona leta siku ileile.

Na kama intaneti inakatika? Thunderbird inakuruhusu kusoma leta ulizokwisha kupokea na kuandika majibu bila kuunganishwa. Majibu yanangoja, na unayatuma wakati reseau inarudi.

2. Listi: mstari mmoja, upokezi mmoja

Wengi wanatumia ordinatere sawa vile daftari: wanaandika ndani yake, halafu wanahesabu na kalkuleta pembeni. Hapana. Mu LibreOffice Calc ao mu Excel, mashine yenyewe inahesabu, kama umeipangia vizuri. Fuata haya:

- Kila mara mwanachama analeta mazao, ongeza mstari mmoja mpya: tarehe, namba ya mwanachama, jina, kijiji, zao, kilo, bei.
- Mu safu ya kilo, andika namba peke yake. Ukiandika «45 kg» ndani ya kisanduku kimoja, mashine inaona maneno, haihesabu.
- Kama programu yako iko mu Kifaransa, andika 45,5 na virgule. Ukiandika 45.5 na nukta, inaweza kukataa kuihesabu bila kukuambia kitu.
- Franka na dola zisichanganywe mu safu moja. Kila pesa iwe na safu yake.
- Tumia namba ya mwanachama. Jina moja linaweza kuandikwa namna tatu, na mashine itafikiri ni watu watatu.

Baada ya hapo, «SOMME» inakupa jumla ya kilo zote, na «SOMME.SI» inakupa jumla ya mwanachama mmoja.

3. Fishi za wanachama

Hapa ndipo kuna faida kubwa. Tuseme muko wanachama 120, na kila fishi ya malipo inakuchukua dakika 5 kuandika. Hiyo ni dakika 600, ni kusema saa 10 nzima. Kwa njia ya «Publipostage», unaandika fishi moja tu, unaiunganisha na listi ya jumla za wanachama, na mashine inatoa fishi 120, kila moja na jina lake na kilo zake. Mwanachama anapokea karatasi, anailinganisha na ile ya mizani. Kosa linaonekana mapema, na maneno ya «komite ilikula» yanapungua.

4. Kopi moja ikae mbali

Mnakumbuka Nyiragongo ilivyolipuka tarehe 22 Mei 2021. Tarehe 27 serikali ikaomba mitaa kumi ya Goma ihame, na Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini zilikuwa ndani. Watu waliondoka na kile mikono iliweza kubeba. Rejista kubwa haibebeki pamoja na mtoto na godoro.

Kwa hiyo kila ijumaa fanya kopi tatu: moja mu ordinatere, moja mu flashi ambayo inalala nyumba nyingine, na moja unayojitumia kwa imeili. Listi yenye majina, telefone na pesa za watu ni kitu cha hatari ikianguka mikononi mwa wabaya. Unapoihifadhi mu LibreOffice, chagua «Enregistrer avec mot de passe». Lakini angalisho: neno la siri likisahaulika, listi haifunguki tena. Prezida na kesie walijue pia.

Rejista ya karatasi usiitupe. Sheria ya OHADA ya tarehe 15 Desemba 2010 juu ya makooperativi inaomba rejista ya wanachama iwekwe kwenye makao ya kooperativi. Ordinatere inasaidia rejista, haiifukuzi.

Neno la mwisho juu ya wezi

Leta ikifika kusema «namba yetu ya konti imebadilika, lipeni hapa», hata kama iko na jina la mtu unayemjua, usilipe. Piga simu kwa namba yake ya zamani, usikie sauti yake. Mashine haiwezi kukufanyia hiyo.

Tuanzie wapi?

Usifanye yote siku moja. Juma hili andika modeli tatu za leta. Juma lijalo tengeneza alama ya «Wanunuzi». Halafu listi. Na ufundishe mtu wa pili, kijana ao mama wa komite, ili siku ukigonjwa biro isifungwe. Kama kooperativi yenu inakwama mahali fulani, mwambieni ajenti wetu akipita: tutakaa pamoja mbele ya ordinatere yenu, na listi yenu wenyewe.