Koti la Mvua kwa Binti wa Pwani Aliyeko Longisa

Haikuwa nia yetu kuandika habari za makoti. Tulisafiri kwenda Longisa, katika Kaunti ya Bomet, kwa kuwa dada yetu alitutuma tukamrudishe bintiye nyumbani. Binti huyo ni muuguzi, mzaliwa wa Mombasa, na alikuwa na miezi minne tu tangu aanze kazi kule bara. Kila alipopiga simu alikuwa na mafua. Mama yake akawa akiyahesabu mafua hayo, mpaka usiku mmoja akatuita, akatuambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri: "Kaka, nenda umlete. Kazi zipo na huku."

Basi tukapanda gari la usiku hadi Nairobi, na asubuhi tukashika njia ya kushukia Bonde la Ufa. Gari hupita Mai Mahiu, likakata uwanda mpana mpaka Narok, kisha Mulot, na mbele yake ndipo Longisa. Mashamba makubwa ya majani chai yako mbele zaidi, upande wa Konoin na Kericho. Longisa yenyewe ni nchi ya mahindi na ng'ombe. Lakini mbingu yao ni moja. Mchana upepo wenye unyevu hutoka Ziwa Viktoria, ukakutana na upepo wa mashariki juu ya vilima hivyo, na alasiri wingu likafunga ghafla. Sisi wa Pwani tumezoea mvua ya vuguvugu ambayo mtoto huikoga uani akicheka. Mvua ya huko ni baridi, kwa kuwa nchi iko juu karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mara nyingine huja na mawe. Watu wa Kericho wanaijua sana mvua ya mawe, maana huwachania majani ya chai kwa dakika chache tu.

Tulifika saa kumi na moja jioni, mvua ikinyesha. Mpwa wetu alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini. Alifungua mlango, akatuona, akarudi nyuma ya mlango upesi. Alikuwa amelowa chapachapa, na buibui lilikuwa limemganda mwilini. Alipokwisha kubadilisha nguo ndipo akaja kutuamkia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. U hali gani?"

"Sijambo, mjomba. Ni hii mvua tu."

Tulipokwisha kunywa chai, tukamweleza tulichotumwa. Hakubisha, wala hakulia. Aliuliza swali moja, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Alisema: "Mjomba, sitaki kuiacha kazi. Wagonjwa wananipenda. Lakini kila jioni nalowa, na vazi ninalolivaa linisitiri linaniumbua mbele ya watu wa bodaboda. Wenzangu wanavaa suruali na jaketi, wanafika kwao wakavu. Mimi nifanye nini?"

Tukakiri nafsini mwetu kuwa tumewahi kutoa darsa nyingi za hijabu, na hata siku moja hatukuwahi kuzungumzia hijabu iliyolowa.

Jibu tulilompa ni hili. Sharia imeweka masharti ya vazi la mwanamke mbele ya wasio maharimu wake: lifunike mwili unaopasa kufunikwa, lisiwe jepesi hata rangi ya ngozi ikaonekana, wala lisiwe la kubana likachora maungo. Haikutaja kitambaa, haikutaja rangi, wala haikutaja jina la buibui. Buibui ni ada yetu njema, nasi twaipenda, lakini hata lenyewe lilitufikia kutoka Hadhramaut, na kabla yake mabibi wa Lamu walitembea ndani ya shiraa, kitambaa kilichotandwa juu yao kama hema. Ada ilibadilika, masharti yakabaki. Buibui la kitambaa chepesi likilowa na kuganda mwilini limepungukiwa na sharti la tatu, hata kama aliyelivaa hana kosa lolote. Na koti la mvua lililo refu, pana na zito linatimiza masharti yote matatu. Kwa rai yetu, koti la namna hiyo ndilo jilbabu lake kwa siku ile ya mvua, na halihitaji kuvikwa buibui juu yake wala kuombewa radhi.

Binti akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa haya: "Lakini, mjomba, nalitaka zuri." Tukacheka. Yuko mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu kupenda nguo nzuri na viatu vizuri, akahofu kuwa huenda ni kiburi, naye Mtume akamtoa hofu, hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim. Koti linalovaliwa kila siku, kazini na sokoni, likiwa baya litaachwa msumarini, na mwenyewe atatoka bila koti.

Kumbe alikwisha kununua makoti mawili. La kwanza lilikuwa la plastiki, la shilingi 350. Maji hayapiti, ni kweli, lakini na jasho halitoki. Akipanda kile kilima cha kwenda kwake anafika amelowa kwa ndani, na lilipasuka kwapani katika wiki ya pili. La pili lilikuwa koti la mtumba la kupendeza mno, refu, lenye mkanda na ukosi mpana kama la wanawake wa sinema za zamani. Lilikuwa la pamba tupu. Mvua ya robo saa ililigeuza kuwa tambara zito, likachukua siku tatu kukauka.

Hapa ndipo wengi wetu hudanganyika, kwa hiyo tutakawia kidogo. Kuna kitambaa kinachostahimili manyunyu, na kuna kitambaa kisichopitisha maji. Cha kwanza kimepakwa dawa kwa juu ili matone yateleze. Mvua ikizidi, maji hupenya. Cha pili kina utando kwa ndani unaozuia maji kabisa. Mskoti Charles Macintosh aliupata utando wa namna hiyo mwaka 1823 kwa kubandika mpira baina ya vitambaa viwili, na makoti yake yalikinga mvua lakini yalikuwa mazito na yenye kuchemsha mwili. Mwaka 1969 Mmarekani Bob Gore aligundua namna ya kuvuta plastiki fulani mpaka ikawa na vitundu vidogo sana, ambavyo tone la maji haliwezi kupita lakini mvuke wa jasho hupita. Jina la Gore-Tex linaloonekana kwenye majaketi ya mtumba latokana naye. Yako na majina mengine mengi yanayofanya kazi hiyo kwa bei nafuu.

Baadhi ya majaketi yana kibandiko chenye hesabu ya milimita. Hicho ni kipimo cha kimo cha maji ambacho kitambaa kinaweza kukibeba kabla hakijavuja. Milimita 1,500 ni za manyunyu. Kwa mvua ya Bomet, tafuta 10,000 au zaidi.

Kibandiko kikiwa kimekatwa, kama ilivyo kwa mitumba mingi, jaketi lenyewe litakueleza. Siku ya pili tulikwenda na mpwa wetu mjini Bomet, safari fupi kwa matatu, tukawasalimu wauzaji kwa "chamgei" ya Kikipsigis, nao wakafurahi kwa jinsi tulivyoitamka vibaya. Mmoja alituapia kuwa mzigo wake ni "kamera", yaani daraja la kwanza. Tukaligeuza kila jaketi ndani nje. Jaketi la kweli la mvua lina utepe uliobandikwa juu ya kila mshono kwa ndani, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Ikiwa mishono iko wazi, lirudishe. Ikiwa utando wa ndani unabambuka kama ngozi iliyoungua jua, lirudishe pia. Umekwisha kuzeeka, na hakuna fundi wa kuuponya. Kisha weka mdomo kwenye kitambaa upulize: pumzi ikipita kwa wepesi, na maji yatapita. Mpwa wetu aliongeza mtihani wake wa kiuguzi. Alikunja kitambaa kama bakuli, akamimina maji ya chupa, akasubiri dakika tano, akapapasa kwa chini. Muuzaji alikasirika kwa jaketi la kwanza, la tatu akawa anamimina mwenyewe.

Lililomfaa lilikuwa la nane. Rangi yake ni kijani kilichoiva, urefu wake unapita magoti, na kofia yake ni pana ya kutosha kuingia juu ya mtandio bila kuuvuruga. Tuliona ni kubwa mno kwake, tukataka tulikatae, naye akatukumbusha kuwa upana ndio tulioufuata. Lilikuwa na kamba ya kukaza kiunoni, akaivuta yote akaitoa, na umbo likapotea. Nyuma lina mpasuo wenye vifungo, wa kufungua anapopanda bodaboda. Na hapa tunawasihi dada zetu: nguo ndefu inayoning'inia karibu na gurudumu au mnyororo wa pikipiki ni hatari kubwa kuliko mvua. Ikusanye, uikalie. Mgongoni lina ukanda unaong'aa likimulikwa na taa za gari. Tuliupenda ukanda huo kuliko kitu chochote, kwani mtu aliyevaa nyeusi tupu, jioni, katika mvua, haonwi na dereva.

Walitaka shilingi 2,500, tukalichukua kwa 1,800. Ndani yake huvaa gauni la kufika kwenye vifundo, na miguuni gambuti. Muuzaji alitushauri tulipeleke kwa fundi alirefushe zaidi. Tukakataa, kwa ajili ya yale matundu ya sindano.

Yalibaki ya ibada. Mikono ya jaketi tuliijaribu pale pale sokoni: je, inapanda mpaka juu ya viwiko? Kupaka maji juu ya koti hakutoshi katika udhu. Mughira bin Shu'ba (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa safarini amevaa juba lenye mikono myembamba, lilipokataa kupanda, aliitoa mikono yake kwa chini ya juba akaiosha. Basi mikono ikibana, fanya hivyo. Wakati wa kusujudu, kofia isishuke ikafunika paji la uso, kwa kuwa katika madhehebu yetu ya Shafii paji linatakiwa liguse mahali pa kusujudia. Ama tope la njiani lililorukia pindo, wanazuoni wamelisamehe kwa kiasi ambacho ni taabu kujiepusha nacho. Asiiache sala kwa ajili yake.

Katika kulitunza, asitumie dawa ya kulainisha nguo, maana huharibu ile dawa ya juu. Sabuni kidogo, suuza sana, lianikwe kivulini. Matone yakiacha kuteleza, pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa huiamsha tena dawa hiyo.

Tulikaa siku nne. Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu saa tisa, tukasimama mlangoni kumngoja. Alitokea kwenye kona ya njia akitembea polepole, hana haraka ya kujificha kwa mtu, akasimama kumsalimu mama mmoja wa Kikipsigis aliyebeba kuni, wakazungumza muda mrefu mvua ikiwashukia. Alipoingia alivua jaketi, akalikung'uta, na gauni lilikuwa kavu.

Tulirudi Mombasa peke yetu. Dada yetu alikuwa akitungoja kituoni, akatazama nyuma yetu, akauliza: "Yuko wapi mtoto?" Tukamwonyesha picha kwenye simu. Aliitazama kwa muda, akaikuza kwa vidole, akaichunguza mikono, kofia na pindo. Habari ya kurudi hakuitaja tena. Jana ametupigia kutuuliza ikiwa jaketi kama lile lapatikana Kongowea, na ikiwa lipo la rangi ya zambarau, kwani masika yanakaribia.